Lodi Aliyemfuta Mfalme

Hadithi aliyoipenda Mzee wa Itifaki kuliko zote ilikuwa ya lodi, kabaila wa Kiingereza, aliyemfuta mfalme makalio. Aliisimulia kwenye harusi, kwenye ubatizo na, mara moja, kwenye matanga. Alikuwa anasimama, anakohoa kidogo, anasubiri vijiko vinyamaze, kisha anatuambia kwamba katika Uingereza ya zamani, enzi za yule mfalme mnene aliyeoa wake sita, cheo kilichogombaniwa na watoto wa makabaila hakikuwa cha jemadari wala cha jaji. Kilikuwa cha kumhudumia mfalme chooni. Mfalme alikuwa na kiti chake cha haja, kimefunikwa mahameli, na bwana mmoja aliyeaminiwa kuliko wengine alikabidhiwa kiti hicho, pamoja na maji na taulo.

"Na bwana huyo," alikuwa akisema, kidole kimesimama hewani, "ndiye aliyeogopwa kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na mfalme kuliko wote."

Sisi tumekaa na pilau mdomoni.

Jina lake silitaji, na sidhani kama linahitajika. Waswahili wa Stockholm, kuanzia Rinkeby mpaka Tumba, Watanzania kwa Wakongo, walimwita Mzee wa Itifaki au Itifaki tu, na mwenyewe alikuwa anavimba kichwa akiitwa hivyo. Palipokuwa na shughuli, yeye ndiye aliyepanga nani akae wapi, nani aingie kwanza, nani atajwe na nani asitajwe. Nimemjua tangu nikiwa mtoto wa shule, na kwa muda mrefu nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: amwite mama yangu mbele ya watu na amwombe radhi. Sababu nitaifikia. Kwa sasa ijulikane tu kwamba mama yangu anafuta watu. Ni mtumishi wa hemtjänsten, wale wa manispaa wanaozunguka majumbani kuwaosha, kuwavisha na kuwalisha wazee. Amefanya kazi hiyo tangu nikiwa sijui kusoma.

Itifaki alikuja Sweden kijana, kusoma historia, na akili alikuwa nazo, hilo siwezi kumnyima. Alianza kuandika kitabu kikubwa cha chuo kikuu kuhusu maisha ya ikulu za Waingereza. Profesa wake alistaafu, akaja mwingine, naye akastaafu, kitabu hakikwisha. Nyumbani kwake Hjulsta vitabu vilipanda ukutani mpaka vikaziba nusu ya dirisha, na sebule nzima ilinuka karatasi kuukuu na ile kolonya yake ya karafuu, ambayo hadi leo nikiinusa kwenye treni nahama kiti.

Jumamosi alitufundisha sisi watoto katika chumba cha chini ya ghorofa, Rinkeby. Wazazi walitupeleka tukajifunze Kiswahili tusije tukawajibu kwa Kiswidi maisha yetu yote. Tulichojifunza ni kwamba malkia mmoja mkuu meno yake yaliharibika yakawa meusi kwa kupenda sukari, na kwamba wanawake wengine wakayapaka yao rangi nyeusi ili nao waonekane wana uwezo wa kununua sukari. Tulijifunza kwamba mabibi wa ikulu walijipaka usoni unga wa madini ya risasi wawe weupe, nao unga ukawala ngozi. Tulijifunza kwamba mabwana waliovaa hariri walikojoa kwenye kona za kumbi, mpaka ikabidi ukuta uchorwe misalaba, kwa matumaini kwamba mtu ataona haya kuulowesha msalaba. Ikulu ikishanuka kupita kiasi, mfalme na watu wake wote walihamia nyingine, ya kwanza ibaki ikisafishwa.

Tulicheka mpaka tukashika matumbo. Nilikuwa nadhani anatusimulia ili tuwaone Wazungu wale walivyokuwa wachafu. Ilinichukua muda kugundua kwamba hakuwa anawacheka. Alikuwa anawaonea wivu. Alipofika kwenye ile harufu ya kumbi macho yalimng'aa, alivuta pumzi kama mtu aliyepita mbele ya jiko la bibi yake. Siku nilipolielewa hilo nilishikwa na kinyaa, na kinyaa hicho hakijaniacha.

Maana kila alichosoma alitufanyia sisi. Alikuwa na fimbo nyeupe, kwa sababu wakuu wa nyumba ya mfalme walishika fimbo nyeupe. Yake ilikuwa mpini wa ufagio alioupaka rangi, na kila mtu alijua, lakini alipoigonga sakafuni watu wazima walinyamaza. Mabalozi alikuwa akiwaaga kwa kurudi nyuma kinyumenyume, asiwageuzie mgongo. Kwenye sherehe moja alirudi nyuma hivyo mpaka akakalia beseni la soda na barafu. Akakaa humo, suruali imelowa, bado ameinamisha kichwa. Balozi mwenyewe alikuwa ameshageuka zamani, anatafuta koti lake.

Halafu kulikuwa na kile kiti. Alisoma kwamba malkia yule wa meno meusi, hata asipotokea kula ukumbini, meza yake iliandaliwa na watumishi wakaipigia magoti, meza tupu. Basi naye kwenye kila shughuli akaweka kiti cha mgeni rasmi katikati ya meza kuu, kina kitambaa cheupe, sahani imejaa, imefunikwa. Mgeni rasmi mara nyingi hakuja. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Nimeona mama mjamzito amesimama ukutani saa nzima, kiti kile kipo kitupu, kuku anapoa chini ya kawa. Mpwa wangu alimuuliza kwa Kiswidi mbona hakuna mtu pale. Itifaki akamjibu, kwa Kiswidi chake kizuri cha vitabuni, kwamba mtoto mwenye adabu haulizi kuhusu kiti.

Na sisi tulikubali. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikilikumbuka. Mainjinia, manesi, madereva wa basi, watu waliovuka mipaka mitano kwa miguu, tulikubali kupangwa kama vikombe kabatini. Wengine walijikomba kwake wazi kabisa. Walimpelekea samaki waliokaangwa na mashati kutoka Dar, ili kwenye harusi ijayo wasogee mbele meza moja. Mtu mmoja tu nilimsikia akimjibu, mama mmoja wa Bukavu aliyekuja na kitenge cha zambarau. Itifaki alimwendea taratibu akamweleza kwamba zamani zambarau ilikuwa rangi ya watu wa kifalme, mtu wa kawaida akiivaa anashtakiwa, na kwamba kwa heshima ya shughuli angejifunika mtandio.

"Papa," yule mama akamwambia, "hii kikwembe njo yangu, miye mwenyewe nilishonesha. Ule malkia yako alishakufaka zamani. Ataniuliza nini?"

Meza ile yote walicheka, na mwaka uliofuata meza ile yote ilikaa karibu na vyoo.

Sasa kuhusu kazi. Unaweza kufikiri mtu aliyempenda lodi wa chooni namna ile angekuwa na neno zuri kwa mama yangu na wenzake. Siyo huyu. Itifaki aliona aibu kwamba watu wetu wanaosha vikongwe wa Kiswidi. Alikuwa akisema hadharani, kwa sauti ya huruma, "Hatukuja Ulaya kushika kinyesi." Alipowatambulisha watu kwa kazi zao, Daktari Fulani, Mhandisi Fulani, alipofika kwa watu wa hemtjänsten alisema "na wenzetu wengine" akapita. Mkewe, marehemu, alifanya kazi ya udobi hospitalini, mashuka yale yale yenye kinyesi kile kile, na mshahara wake ndio uliolipia vitabu. Itifaki alimtambulisha kuwa "yuko sekta ya afya." Yule mama alikuwa anaangalia vidole vyake vilivyobabuka, anatabasamu.

Niliwahi kumuuliza, nikiwa msichana mwenye mdomo, tofauti ya lodi wake na mama yangu ni nini. Hakukasirika. Alinitazama kama mwanafunzi aliyekosa swali jepesi.

"Mwanangu," akasema, "heshima haiko kwenye mkono unaofuta. Iko kwa anayefutwa."



Lakini mtu hakai upande mmoja, na nikinyamazia upande wake wa pili mama yangu hatanisamehe. Baba yangu alipofariki, ghafla, kazini, sisi hatukujua pa kuanzia. Mama alikuwa hajui Kiswidi cha ofisini. Itifaki alikuja asubuhi ile ile, amevaa tai. Alikwenda na Mama kila mahali, akabishana na kila karani kwa lugha iliyowafanya wanyooke kwenye viti vyao, mpaka mwili wa Baba ukafika Morogoro na hati zake zote. Alikesha nasi. Hakudai hata nauli. Kwa hiyo kila nilipoanza kumsema, Mama alinikata: "Yule alinisindikizia mume wangu." Mazungumzo yalikwisha hapo.

Nami ningeyaacha hapo, kama si harusi yangu.

Kamati ilimpa yeye mpangilio, kama kawaida. Siku yenyewe niliingia ukumbini nimeshikwa mkono na mume wangu, vigelegele, muziki, natafuta uso wa Mama pale mbele kwenye meza ya wazazi. Aliyekaa pale alikuwa Baba Mdogo, mdogo wake baba yangu, mhandisi wa Uppsala, ambaye tangu msiba alikuwa ametutembelea mara chache za kuhesabika. Amevaa suti ya kung'aa, anapunga mkono. Kwenye kiti cha pembeni yake alikuwa amekaa mkewe. Mama yangu, aliyenizaa na kunilea peke yake baada ya Baba, alikuwa nyuma kabisa, kwenye meza ndogo kando ya mlango wa jikoni, amevaa gauni aliloshonewa kwa ajili ya siku ile. Kila mlango ulipofunguliwa ulimpiga begani.

Nilimfuata Itifaki, shela na yote. Nilimuuliza mama yangu anafanya nini kule.

"Mama yako ni mtu wa huduma," akanijibu, bila ubaya wowote usoni, na hilo ndilo lililonichoma. "Nimemweka karibu na huduma. Meza ya mbele mabalozi watauliza, mama wa bibi harusi anafanya kazi gani? Tutawajibuje? Namlinda."

Nilitaka kumrudisha Mama mbele kwa mkono wangu. Mama alinikamata kiganja, akanisogeza karibu, akaninong'oneza nisimharibie siku yake, kwamba kule jikoni angalau anaona chakula kinavyotoka. Nikarudi kukaa. Picha zote za harusi yangu upande wa wazazi zina sura ya Baba Mdogo. Sijaning'iniza hata moja ukutani.

Tangu siku ile nilimsubiri Itifaki. Nilijua atazeeka zaidi, atalainika, atatambua. Nilijitungia hata maneno yake kichwani: atasimama, atagonga fimbo, atamwita Mama mbele ya watu wote na kusema alikosea.

Alizeeka, kweli. Mkewe alifariki, kisha akili ikaanza kumtoka kidogo kidogo. Kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa Kiswidi, kile Kiswidi chake alichojivunia. Siku moja kiliisha tu. Walipokuja vijana wa manispaa kumwogesha hakuelewa wanasema nini, akajifungia bafuni, akawatupia vitabu. Alikaa siku kadhaa bila kuoga. Wakatafuta mtu anayejua Kiswahili. Wakampata Mama.

Nilimwambia asiende. Nilikuwa jikoni kwake, napasua kitunguu kwa hasira.

"Mama, mwache. Wamtafute mwingine."

"Mwingine nani? Waswahili wa zamu ile ni mimi peke yangu."

"Alikuweka mlangoni mwa jiko. Kwenye harusi yangu."

"Nakumbuka. Bega langu ndilo lililopigwa, siyo lako." Akachukua kisu mikononi mwangu. "Yule alinisindikizia mume wangu. Na isitoshe, choo ni choo tu, mwanangu. Awe nani, mimi nafungua dirisha kwanza."

Akaenda. Ya huko ndani hakuwa anasema, kazi yao hairuhusu, nami sikuuliza. Jambo moja tu lilimtoka siku moja, akiwa anavua viatu, anacheka peke yake.

"Ananiita Lodi."

"Nani?"

"Itifaki. Kila asubuhi nikifungua mlango tu: 'Umechelewa, Lodi.' Hata nikiwahi."

Yeye alicheka. Mimi nilikwenda kufungua bomba, maji yakamwagika bure, nisimjibu vibaya. Mzee yule hatimaye alikuwa amepata alichokitaka maisha yake yote. Alikuwa mfalme, amekaa kwenye kiti chake, na mtu wa kumfuta amekuja. Na mtu huyo ilibidi awe mama yangu.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka, kwenye ukumbi kule Tumba. Hakuwa mpangaji wa shughuli tena, lakini mwenyekiti mpya, kijana mwenye heshima zake, aliona si vizuri mzee aachwe nyumbani. Teksi ya walemavu ilimleta kwa kiti chake cha magurudumu, amevaa tai, kola imepwaya shingoni. Walimweka katikati ya meza kuu. Kushoto kwake aliketi Baba Mdogo, mhandisi, ambaye meza kuu haijawahi kumkosa. Kulia kwake waliweka, kwa mazoea tu, kile kiti cha mgeni rasmi, kina kitambaa cheupe.

Mimi na Mama tulikuwa katikati ya ukumbi, pamoja na wenzake wa kazini na yule mama wa Bukavu. Mama alikuwa amefanya kazi asubuhi, akapitia nyumbani kubadilisha nguo. Alikuwa na njaa, anaulizia pilipili.

Fimbo nyeupe ikagonga sakafu. Sijui nani alimpa. Ukumbi ulinyamaza kama zamani, mpaka watoto.

"Lodi wangu yuko wapi?" Itifaki akauliza. Sauti ilikuwa nyembamba lakini ilifika. Macho yalitangatanga, yakampata Mama. Akanyoosha kidole. "Yule pale. Aje akae hapa. Kulia kwangu." Akapigapiga kile kiti ambacho sisi hatukuwahi kuruhusiwa kukikalia. "Yule ndiye aliye karibu nami kuliko nyote."

Watu walilipuka. Vigelegele, makofi, simu zikainuliwa zirekodi. Kuna waliolia. Mwenyekiti kijana alishika kipaza sauti, akasema, "Mama, tafadhali, njoo mbele. Leo ni siku yako."

Nilichokisubiri kilikuwa kimefika. Mama yangu ameitwa mbele ya watu, na Itifaki mwenyewe, kwa fimbo. Nikainua shingo nione vizuri, nikaona kilichoandaliwa mbele ya kile kiti. Palikuwa na bakuli la uji, taulo ya kifuani, na pakiti ya vitambaa vyenye unyevu, vile vya kuwafutia watoto. Waandaaji walikuwa wameshaona kwamba mzee anadondosha mate, na kwamba lazima mtu amlishe. Bega kwa bega na mabalozi, wangemkalisha afanye kazi aliyotoka kuifanya, na wangempigia makofi.

Mama akainuka. Akajinyoosha gauni, akapita katikati ya meza, watu wakimgusa mikono. Nilidhani atakaa. Alifika mbele, akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Lodi. Umechelewa. Kaa."

"Zamu yangu iliisha asubuhi, mzee," Mama akasema, kwa sauti yake ya kawaida, na kipaza sauti cha yule kijana kikaipokea kikaipeleka ukumbi mzima. "Hapa nimekuja kula."

Akachukua ile pakiti, bakuli na taulo. Akazunguka nyuma ya kiti cha magurudumu, akaviweka mbele ya Baba Mdogo, akisogeza glasi yake ya mvinyo kidogo ili vitoshee.

"Shemeji," akamwambia, "wewe ndiye uko karibu."

Hakuna aliyepiga makofi. Akarudi mezani kwetu, akaketi, akavuta sahani yake. Yule mama wa Bukavu akamsogezea pilipili. Mimi nilikuwa natazama mbele. Baba Mdogo aliangalia kulia, akaangalia kushoto, simu bado zimeinuliwa. Akafungua pakiti kwa ncha za vidole. Akatoa kitambaa kimoja, akakishika mbali na suti yake.

Itifaki akamgeukia. Akamtazama bila kumjua, akainua kidevu chenye mate, akafumba macho.

"Umechelewa, Lodi," akasema.